Bustani Zisizo Zake

Pale Kawetele watu wote walimwita Mama Mchungaji, nami sikuwahi kumwita vinginevyo, hata baada ya mchungaji mwenyewe kuzikwa na jina hilo kupaswa kwenda kwa mwanamke mwingine. Tuliishi jirani kwa miaka, ua wa michongoma kati yetu, na jina lake halisi nililisikia mara moja tu, kanisani, siku ya mazishi ya mumewe, likisomwa na mtu ambaye hakumfahamu. Halikumfaa. Nililisahau kabla hatujafika kaburini.

Mimi ni mtu wa Tabora. Nilipangiwa kufundisha Rungwe nikiwa na sweta moja, nikaja nikijiambia kwamba baridi ni maneno ya watu tu. Kipupwe cha kwanza kilinikomesha. Ukungu ulishuka kutoka mlimani alfajiri ukakaa mlangoni mpaka saa nne, na nguo nilizofua zilininginia kwenye kamba wiki nzima zikinuka. Asubuhi moja ya Jumamosi, nikiwa nimesimama uani nikisugua viganja, mwanamke mfupi, mpana wa mabega, alijitokeza kwenye pengo la ua. Alikuwa amevaa koti la mumewe juu ya kitenge, na mabuti ya mvua.

"Mwalimu," alisema, "mbona unakaa kivulini? Jua liko kwangu."

Hakuwa akitania. Nyumba ya mchungaji ilijengwa upande wa kilima unaotazama mashariki, na jua, siku lilipopatikana, lilifika kwake kwanza. Nikapita kwenye pengo lile kwenda kuota jua, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa bustani ile.

Ilizunguka nyumba pande zote. Magimbi yalikuwa chini kwenye unyevu, migomba nyuma ya jiko, maboga yalikuwa yametambaa mpaka juu ya bati la choo. Kabichi zilikaa pamoja na mnavu, mnavu pamoja na mawaridi, na kando ya njia ya kuingilia ilisimama mishubiri iliyotoa maua mekundu katikati ya baridi kali, wakati kila kitu kingine kimejikunyata. Hakukuwa na mstari hata mmoja ulionyooka. Mzee wa kanisa aliyesimamia mali za usharika, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, alikuja kila baada ya muda kulalamika.

"Mama Mchungaji, watu wanasema kwa mchungaji pamekuwa pori."

"Ndiyo, pori," alijibu bila kuinuka kutoka kwenye palizi. "Nikukatie mboga za kupeleka nyumbani?"

Mzee wa kanisa aliondoka na mboga kila mara, na kila mara alirudi na lalamiko lilelile.

Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa kule waliokikuta shuleni na kukirudisha nyumbani. Akifurahi au akikasirika, zile z ziligeuka s, na magimbi mazuri yakawa magimbi masuri. Alinisalimu "Ugonile" asubuhi, akanifundisha kujibu "Ndaga," yaani asante, na hapo somo la Kinyakyusa likaishia, kwa sababu alisema mwalimu anayefundishwa huwa msumbufu. Nilipofunga Ramadhani hakuniuliza chochote. Jua lilipokaribia kuzama niliona tu bakuli la magimbi limewekwa kwenye pengo la ua, limefunikwa kwa jani la mgomba, bado linatoa mvuke. Mwezi mzima. Sikumwambia ni lini mfungo unaanza, na sijui alijuaje.

Lakini nisimfanye kuwa malaika. Wanawake wa usharika walimwogopa. Hakuwa na maneno ya kubembeleza, na hakuenda kukaa nyumba za watu bila sababu. Mama mmoja wa kwaya alirudi kutoka safari ya Mbeya na maua ya plastiki, mekundu na ya njano, akayaleta kwa furaha yapambe madhabahu. Mama Mchungaji aliyageuza huku na huku, akayanusa, akamrudishia.

"Haya weka sebuleni kwako," alisema. "Mungu anajua kunusa."

Yule mama hakusema naye kwa miezi.

Kwa wanyama alikuwa hivyohivyo, huwezi kumtabiri. Kipupwe kikielekea mwisho, chakula kikiwa kimeadimika kwenye msitu wa mtoni, ngedere walipanda kuja kuiba maboga. Alitoka na mawe akayarusha kwa nguvu zake zote, akipiga kelele mpaka wanafunzi wangu wakamsikia darasani, na sikuwahi kuona jiwe likimpata ngedere hata mmoja. Mkono huohuo uliweza kumsubiri fuko kimya juu ya tuta la magimbi, na udongo ukicheza tu, jembe likashuka mara moja na mambo yakawa yamekwisha. Nilimwambia nashangaa. Mtu anayewawekea vyura kigae cha chungu wapate unyevu, kisha anaua fuko bila kupepesa!

"Fuko simpendi," alisema. "Sitakudanganya."

Vinyonga ndio waliomletea maneno. Kule, kama kwetu, watu wengi hawataki hata kumtazama kinyonga. Yeye aliwaacha watembee kwenye mawaridi wakila nzi, na akimkuta mmoja njiani alimtolea kijiti, akangoja apande, akamrudisha kwenye majani. "Huyu naye anaishi hapa," alisema, kama mtu anayemtambulisha mpangaji. Jumapili moja alipeleka maua kanisani kama kawaida yake. Mumewe akiwa katikati ya mahubiri, kinyonga akatoka ndani ya maua, akaanza kuteremka kwenye kitambaa cheupe cha madhabahu, mguu mmoja, akangoja, mguu mwingine, akangoja. Safu ya mbele ya kwaya iliinuka nzima ikakimbilia mlangoni. Mama Mchungaji alisimama, akapita mbele bila haraka, akamchukua kwa upindo wa kanga yake, akatoka naye nje, akarudi akaketi. Mchungaji alikuwa amenyamaza muda wote huo, mikono juu ya Biblia.

"Tulikuwa tumefika wapi?" aliuliza.

"Kwa Zakayo," mkewe akamjibu kutoka kwenye benchi. Kanisa zima likacheka, mpaka wale waliokimbia. Mimi sikuwemo, nilisimuliwa na watu wengi, na kila mmoja alicheka upya alipofika kwa Zakayo.

Hawakujaaliwa watoto. Nilidhani ni jambo la kutoligusa, mpaka siku moja mgeni aliyekuja kwenye semina ya akina mama alimuuliza mbele yetu sote ana watoto wangapi. "Sina," alisema, akaendelea kumenya ndizi. Wageni walipoondoka, akaniambia bila mimi kuuliza: "Watu wanafikiri nalima kwa sababu sina watoto. Ningekuwa nao ningelima vilevile. Ila wangenisaidia kupalilia."

Kilichomuuma kilikuwa kingine. Mchungaji ni mtu wa kuhamishwa, na mke wa mchungaji huhamishwa pamoja na sufuria. Walikuwa wameishi nyumba nyingi za usharika, nyingine juu kwenye baridi zaidi, nyingine chini kwenye joto la kuelekea ziwani, na kila nyumba alianza upya kwa jembe. Alipanda miti ya matunda, wakaondoka kabla haijazaa. Mwanzoni alirudi kutazama. Kwenye kituo chao cha kwanza, baada ya kuondoka, alikuta mahali pa bustani pamekuwa banda la mkaa. Hakurudi tena kokote.

"Matunda yote niliyokula maisha yangu," aliniambia, "yamepandwa na mwanamke mwingine. Kama huu mlimau. Niliukuta. Aliyeupanda simjui, hata jina. Lakini kila nikikamua limau namwambia ndaga."

Mlimau ulikuwa karibu na baraza, mzee, umejaa miiba, na ndio mti pekee uliokuwa mkubwa kuliko yeye.

Mchungaji hakulima. Alikuwa mrefu, mkimya nje ya mimbari, mtu wa kuandika mahubiri barazani na kuinua macho mkewe akimwita atazame kitu. "Naona, Mama," alisema kila mara, hata pale ambapo, nina hakika, hakuwa ameona. Masika moja alianguka bafuni. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia pamoja na maneno yake yote. Alirudishwa kutoka hospitali akiwa amepungua nusu, akitazama watu kama anayejaribu kukumbuka aliwakopesha nini.

Kipupwe kile kilikuwa kikali. Asubuhi ukungu ukianza kupasuka, Mama Mchungaji alimtoa nje kwenye kiti cha mbao, akamfunga blanketi mpaka kidevuni, akamweka jua linapopiga. Jua likisogea, naye akasogeza kiti, mume akiwa juu yake, akikiburuta kidogo kidogo kutoka kwenye mishubiri mpaka kwenye mlimau. Nilimwambia aniite nimsaidie. Akasema kiti hakina uzito, na kwa kweli siku hizo hakikuwa na uzito.

Kwenye mishubiri walikuja chozi, wale ndege wadogo wa mdomo mwembamba uliopinda, dume anang'aa kijani kama kipande cha chupa. Walikunywa maua mbele ya uso wa mchungaji bila kumjali. Yeye aliwafuata kwa macho. Nilimwona mara moja akiinua mkono wa kushoto, ule uliobaki na uhai, akimwonyesha mkewe. Mkewe alikuwa amechuchumaa kwenye kabichi akiokota konokono. Akainua kichwa.

"Naona, Baba," alisema. Kisha akainama haraka juu ya kabichi, nami nikaingia ndani kwangu.

Alifariki Julai, asubuhi, kwenye kiti, kabla hajasogezwa hata mara moja.

Sitaeleza mazishi. Watu walijaa mpaka barabarani, wachungaji walikuja kutoka mbali, maboga na mawaridi yalikanyagwa na turubai likafungwa kwenye migomba. Mama Mchungaji hakulia. Alikaa kwenye mkeka ameegemea ukuta, akipokea pole, na mwanamke akimkumbatia akilia, yeye ndiye aliyempiga mgongoni kumtuliza. Wengine walisema ni imani. Wengine wakasema moyo wake mgumu, tulijua.

Nyumba ilikuwa ya usharika. Hakuna aliyemfukuza, hilo lazima niliseme. Mzee wa kanisa alikuja mwenyewe, akaketi ukingoni mwa kiti, akazunguka na maneno mpaka akashindwa kuendelea. Mchungaji mpya angeripoti mwezi wa tisa, kijana, ana mke na watoto wadogo.

"Najua," Mama Mchungaji alimsaidia. "Si mara ya kwanza kuhama. Mara hii tu sijui nahamia wapi."

Mdogo wake wa kiume, anayeishi Matwebe, alisema aje kwake, chumba kipo. Ikakubaliwa hivyo.

Wiki zilizofuata hakushika jembe. Kipupwe kilikuwa kinakwisha. Siku zilirefuka, ukungu uliondoka mapema, udongo wa juu ukaanza kukauka, migomba ikafungua majani mapya. Ni wakati ambao kila mwaka alikuwa haonekani ila mgongo. Mwaka ule alikaa barazani akiangalia magugu yanavyopanda. Nilimwuliza kama nimchimbulie miche ya kwenda nayo Matwebe, mawaridi angalau.

"Iache," alisema.

Siku moja kabla ya gari kuja kumchukua, nilitoka shuleni mchana nikasikia mlio wa panga, pigo juu ya pigo. Nilidhani watu wanakata nguzo. Nikapita kwenye pengo la ua nikamkuta amevua koti, amejifunga kitenge kiunoni, anakata bustani yake. Mawaridi yalikuwa tayari chini. Maboga yamepasuliwa, yamefunua nyama yake ya njano. Alikuwa kwenye mishubiri, ile aliyoipanda mwenyewe kando ya njia, na ute wake ulikuwa umemtapakaa mpaka kwenye viwiko. Wanawake waliokuja kumsaidia kufunga vyombo walikuwa wamesimama barazani wamebanana, akiwamo yule wa maua ya plastiki. Hakuna aliyethubutu kushuka.

Mzee wa kanisa alikuwa amefika, amesimama mbali na panga.

"Mama," alisema, "Mama Mchungaji, tafadhali. Hiyo si mali ya usharika?"

"Nyumba ndiyo ya usharika!" Sauti yake sikuitambua. "Bati ni la usharika, choo ni cha usharika, na yeye mwenyewe mmemsika kwenye makaburi ya usharika! Hii ni mikono yangu. Nimechoka kuwaachia watu mikono yangu!"

Akakata migomba miwili. Migomba hukatika kirahisi, na kuanguka kwake hakuna kishindo, ni kama mtu anayekaa chini. Kisha akageukia mlimau. Nilitaka kusema kwamba huo si wake, huo ulikuwa wa yule mwanamke asiyemjua, lakini nilichelewa. Aliinua panga. Kutoka ndani ya matawi kitu kidogo cha kijivu kilimrukia usoni, kikazunguka kichwa chake kikipiga kelele, kikamrudia tena. Alikuwa chozi jike. Mama Mchungaji alirudi hatua nyuma na panga lake hewani. Usawa wa macho yake, kwenye ncha ya tawi, kilining'inia kiota kama kifuko cha majani makavu na utando wa buibui, na kwenye kitundu chake vinywa viwili vya njano vilikuwa wazi.

Panga lilishuka lenyewe. Aliketi palepale juu ya vipande vya mshubiri, miguu ameinyosha mbele, akalia. Alilia kwa Kinyakyusa, kwa sauti kubwa, maneno mengi ambayo sikuyaelewa isipokuwa Kyala, yaani Mungu, na jina la mumewe, ambalo hakuwahi kulitamka mbele yetu. Yule mama wa kwaya ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka barazani. Aliketi kando yake matopeni na gauni lake zuri, akamshika kichwa. Mzee wa kanisa aliokota panga, akalipeleka nyuma ya nyumba, na aliporudi alikuwa amejifuta macho. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mlimau huo hataruhusu uguswe.

Haukuguswa na mtu mpaka makinda yaliporuka. Hilo nililishuhudia. Mwaka uliofuata watoto wa mchungaji mpya walichomwa na miiba yake, ukaondolewa, na pale pakamwagwa kokoto za kuegesha gari. Ni watu wazuri, mke wake alinisalimia kila siku.

Nilimwona Mama Mchungaji kwa mara ya mwisho mwaka huu, Agosti ikiishia. Nilikuwa nimehamishiwa shule ya upande wa Mpuguso, na Jumamosi moja nikachukua bodaboda mpaka Matwebe. Mdogo wake alinipokea kwa heshima. Ameng'oa migomba na mibuni ya zamani akapanda parachichi za kuuza nje, mistari iliyonyooka kuanzia mlangoni mpaka kijitoni, chini safi kama sakafu, kila mti umepuliziwa dawa. Zinamsomeshea watoto. Amempa dada yake chumba chenye saruji na blanketi jipya, na anapomsemesha huvua kofia. Sikuona kosa popote.

Alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, amenenepa kidogo, kucha safi. Nilimwamkia, akaitikia, akashika mkono wangu asiuachie. Hakuuliza habari za Kawetele hata kidogo. Tulizungumza kuhusu miguu yake, shule yangu, bei ya sukari. Wifi yake alileta chai, akaninong'oneza kwamba wifi masikio yanaanza kumsumbua, wakati mwingine haitiki.

Alipoondoka, Mama Mchungaji alinivuta karibu.

"Nikuulize kitu, Mwalimu. Usinihurumie ukanijibu la kunifurahisha."

"Uliza, Mama."

"Hospitali waliniambia masikio ya uzee hupoteza kwanza sauti nyembamba. Za watu hubaki, nyembamba zinakwenda. Nimeogopa kuwauliza hawa, watafikiri nalalamikia nyumba yao." Alitazama mlangoni. "Wewe masikio yako mazima. Hebu sikiliza. Ndege wanalia?"

Nikasikiliza. Ilikuwa asubuhi nzuri, jua limeshatoka, saa ambayo wangepaswa kuwa wanagombana kila mahali. Nilisikia pikipiki mbali barabarani. Nilisikia bomba la dawa likipigwa pampu huko chini, na mtoto akiitwa. Niliendelea kusikiliza zaidi ya ilivyohitajika, nikitafuta hata mmoja.

"Hapana, Mama. Hawalii."

"Hata tetere?"

"Hata tetere."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akatabasamu.

"Ndaga fijo," alisema. "Basi masikio yangu mazima."

Akacheka, kicheko chake cha zamani cha puani, akanipiga kidogo kwenye goti. Kisha akageuka akatazama ile mistari ya miti, mti kwa mti, mpaka kijitoni, nami nikakiona kicheko kinamtoka usoni polepole, kadiri alivyokuwa akilielewa jibu nililompa.